Wale Waliopita Bila Kusimama

Nduku mwanangu,

Begi lako liko mlangoni, wewe umelala, na mimi usingizi umenikataa. Nimekaa kwenye meza ya karibu na dirisha, ile ambayo madereva wa malori huipenda kwa sababu wakiwa hapo wanaona magari yao. Leo hakuna lori. Wiki nzima nimejaribu kuongea nawe, na kila nikifungua mdomo tunagombana, kwa hivyo nimeona niandike. Karatasi haitakukatiza maneno, na wewe huwezi kuipandishia sauti.

Sitakuandikia habari ya kubeba sweta, wala kuficha pesa kwenye soksi, wala kuomba kabla ya kula. Hayo unayajua, na kama huyajui basi tumeshachelewa. Nataka kukuambia mahali nilipokosea mimi, kisha nikuambie jambo nililolifanya majuzi bila kukueleza. Tafadhali nisome mpaka mwisho. Naogopa, Nduku. Sijaogopa hivi tangu siku tuliyomzika baba yako.

Unakumbuka ulivyotoka chuo na diploma yako ya mambo ya hoteli? Ulinikuta nikipika kwa sufuria moja na kipimo kimoja, kila siku ya Mungu. Muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, ndengu, chapati. Kuna siku tulimwagia mbwa hadi mbwa wakachoka, na kuna siku watu waliingia wakati wa chakula cha mchana wakanikuta nimeshaosha sufuria. Ukaniuliza, "Kwani Mum, huwa unapikia watu wangapi?" Nikakujibu sijui, na sitaki kujua. Ulinitazama ukadhani ni uvivu.

Haukuwa uvivu. Mama yangu, ambaye ndiye uliyepewa jina lake na ndiyo maana nakuita Mwaitu, yaani mama yangu kwa Kikamba, hakuruhusu mtu kuhesabu mbuzi wake kwa kidole. Ukimuuliza ana watoto wangapi alikujibu "wapo," akabadilisha mazungumzo. Aliamini ukihesabu watu, mmoja wao atatoka. Na mgeni ndiye hakuhesabiwa kabisa: unapika, na anayekuja anakula. Mimi nimeokoka, naimba kwaya, lakini hilo sikuwahi kulitoa moyoni. Nilifungua hoteli kando ya barabara kuu hapa Kambu nikaiendesha kama jiko la mama yangu, tofauti ikiwa tu kwamba watu walikuwa wanalipa.

Wewe hukunicheka. Ulikaa kidogo, ukasema, "Sawa, basi tusihesabu watu. Tuhesabu sahani. Sahani haina roho." Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Ukatafuta mikebe ya mafuta ya kupikia, mmoja kwa kila siku ya wiki, na kila sahani ilipotoka jikoni tukatupa punje moja ya maharagwe ndani. Nilianza kwa mzaha. Baadaye nikawa siwezi kumpelekea mtu chakula bila kusikia ile punje ikigonga bati.

Ulipojumlisha na kugawanya ukaniambia tunauza kama sahani arobaini kwa siku. Nikasema vizuri sana, kuanzia kesho tunapika arobaini. Ukanishika mkono. "Mum, ngoja. Hiyo ni wastani tu. Angalia hizi mikebe. Hakuna hata siku moja tumeuza arobaini." Ilikuwa kweli. Mkebe wa siku ya soko ulikuwa unamwagika, na wa Jumapili, watu wote wakiwa kanisani, ulikuwa na punje za kujaza kiganja. Ningepika arobaini, ningekosea siku ya soko, ningekosea Jumapili, na katikati pia ningekosea, tena kwa bidii. Tukaanza kupika kila siku kwa kipimo chake, na wale mbwa wakahamia kwa jirani.

Laiti ungemaliza shule mapema, kabla sijajenga vyumba. Hilo la vyumba unalijua, lakini sijawahi kukuambia kwa mdomo wangu vile lilivyokuwa, kwa sababu naona aibu. Ilikuwa ule usiku trela ilipoanguka mbele huko na barabara ikafungwa pande zote mbili. Mabasi yalisimama hapa mpaka asubuhi. Watu walilala kwenye benchi, walilala juu ya meza, mama mmoja alilala jikoni na mtoto wake karibu na majivu, na kila mtu alikuwa akiniuliza, "Mama, hakuna chumba?" Niliendelea kulisikia swali hilo masikioni mwezi mzima. Nikauza ng'ombe. Nikauza na lile shamba la baba yako. Nikajenga vyumba vile kumi huko nyuma, nikaviwekea vitanda na neti na taulo, nikangoja.

Barabara ilikuwa imefunguliwa, Nduku. Watu walikuwa wanapita wakienda kulala kwao au Mombasa. Nilikuwa nimejenga vyumba vya usiku mmoja. Ulipokuja ukaniambia polepole, ukijaribu kutoniumiza, kwamba siku moja ya ajabu haifai kuchanganywa na siku za kawaida, kwamba inawekwa kando na kuulizwa kwanza kama itarudi. Niliitikia kwa kichwa, nikaenda chooni nikalia. Shamba ambalo lingekuwa lako ndilo lililo ndani ya kuta zile, na panya ndio wageni.

Lakini kitu kikubwa kuliko vyote ulichonifundisha ni kile cha malori. Unakumbuka nilikuwa na tabia ya kupita mezani nikiuliza, "Chakula kiko aje?" Na wote wanajibu, "Iko poa, Mum." Nikarudi jikoni nimejaa sifa. Siku moja nikakuuliza, kama wote wanasema kiko poa, mbona tunakufa njaa? Ukaniambia, "Mum, wewe unauliza wale wameingia. Hao walishapenda, ndio maana wako hapa. Wale wamepita bila kusimama ndio wako na jibu." Nikakuuliza utamuulizaje mtu aliyepita. Ukavaa kofia yangu ya shamba, ukavuka hadi kule malori yanapopimiwa upepo, ukashinda juani ukiuliza madereva kwa nini hawasimami kwetu. Ulirudi uso umekuwa mwekundu kwa vumbi. Hawakuwa na neno juu ya chapati zangu. Wengi hawakuwa hata wamezionja. Walisema ule mtaro mbele ya hoteli hauwaruhusu kugeuza trela.

Mtaro! Nilikuwa nimeubadilisha mchuzi mara tatu. Tukaweka kalvati la kuvukia mtaro, tukamwaga changarawe, na malori yakaanza kuingia, si mengi, lakini yakaingia. Siku ile nilimwambia Mungu asante kwa mtoto huyu. Nilikuona una macho ambayo mimi sina.

Sasa niambie, mwanangu. Niambie mwenye macho hayo alikuwa wapi Jumapili ile ajenti wa kupeleka watu kazi ng'ambo alipokuja kanisani.

Alikaa kiti cha mbele na suti yake. Akamsimamisha yule msichana wa gauni la njano atoe ushuhuda: vile anafanya kazi ya vyumba kwenye hoteli kubwa kule Gulf, Uarabuni, vile amemjengea mama yake nyumba ya vigae, vile hata Krismasi alikula na meneja. Kanisa likalipuka. Ajenti akasema, "Huyu ni mmoja tu. Nimepeleka wengi na hakuna mtu analia." Nikakutazama nikingoja uniguse na kiwiko, uninong'onezee, "Mum, huyo ni mtu ameingia." Ulikuwa unapiga makofi. Machozi yalikuwa yanakutoka.

Na mimi nilipiga makofi. Wacha nisijifanye. Nilipiga kwa sababu nilikuwa nimechoka, na kwa sababu vile vyumba vilikuwa vimenifanya nijisikie mwizi mbele yako, na hapa palikuwa na mtu anayesema atakurudishia kile nilichokuibia. Nilitaka iwe kweli. Ndivyo nilivyojenga vyumba pia, nikitaka iwe kweli.

Baada ya ibada nilimfuata yule msichana nje, akiwa ananunua soda. Nilimwambia amependeza. Akasema Mungu ni mwaminifu. Nikamwambia, "Najua wewe uko sawa, naona kwa macho. Niambie, siku ile mlipanda ndege na nani?" Akaangalia nyuma kuona kama ajenti yuko karibu. "Tulikuwa sita," akasema. Nikamuomba majina na makwao. Alinitajia haraka haraka, mengine nusu, akaniomba nisiseme ni yeye. Kuuliza hivyo nilijifunza kwako. Ajenti anaweza kuchagua nani wa kusimama kanisani, lakini hawezi kuchagua tena nani alikuwa ndani ya ndege ile.

Ile safari yangu ya majuzi, Mwaitu, haikuwa ya kutafuta ndengu za bei nafuu. Nilikudanganya. Nilipitia Kibwezi na Mutomo, nikavuka mji wa Kitui mpaka Kabati, kisha siku iliyofuata nikazunguka mpaka Kasikeu. Nilikuwa naenda kuwatafuta wale waliopita bila kusimama.

Kabati nilipata wawili. Wa kwanza yuko sawa, na ninakuambia hivyo kwa sababu sitaki unione mwongo. Mama yake alimpigia simu mbele yangu, nikaongea naye, anafanya kazi jikoni, anacheka, anauliza mvua imenyesha. Nilifurahi hadi nikaanza kufikiri nirudi nyumbani na ndengu za kweli.

Wa pili yuko kwao. Amerudi tangu zamani, lakini ukiuliza sokoni watakuambia bado yuko ng'ambo, kwa sababu mchana hatoki. Nilimkuta amekaa nyuma ya nyumba akichambua mchele kwa mkono mmoja. Ule wa kulia hauinuki vizuri. Hiyo hoteli iliyokuwa kwenye karatasi zake hakuiona hata kwa mbali, alipelekwa nyumbani kwa mtu. Sikumuuliza mengine. Mama yake alinisindikiza hadi kwenye ua wa miti, akaniambia, "Hapa tunasema ako huko bado. Tukisema amerudi hivi, watu wataongea. Na wewe usiseme." Nikamwahidi. Leo nimeivunja ahadi hiyo kwa ajili yako, na kwa ajili yako tu.

Kasikeu nilikaribishwa chai na mama ambaye sitamsahau. Aliniuliza kama nimetoka kwa ajenti, nikasema hapana, nina msichana anayeondoka. Uso wake ukabadilika. Tangu msimu wa kupanda mbegu, simu ya mtoto wake haiingii. Akampigia nikiwa hapo, akaweka sauti juu ili nisikie mwenyewe yule mwanamke wa kwenye simu akisema mteja hapatikani. Nikamuuliza kama kanisa lake linajua. Akasema, "Mwezi uliopita nilisimama nikashukuru kwa ajili yake. Wote walikuwa wananiangalia. Ningesema nini, mama?" Ajenti alikuwa amekaa hapo hapo mbele. Unaelewa? Mama huyo pia amehesabiwa kati ya wale wasiolia.

Nikiwa kwenye kile kiti, kikombe nimekiweka chini, nilijikuta nawahesabu wale wasichana kwa vidole. Nilihesabu watu, Nduku, mimi binti ya mama yangu. Kidole cha yule wa gauni la njano, kidole cha yule anayecheka, kidole cha yule wa mkono, kidole cha yule asiyepatikana. Vilibaki viwili ambavyo sikujua nivikunje au niviache, kwa sababu wale wengine wawili hakuna aliyeweza kunionyesha hata kwao. Nikaificha mikono ndani ya leso.

Najua utakachosema. Nimekaa hapa nakusikia. "Mum, sita si kitu. Hiyo ni sampuli ndogo." Utakuwa umesema kweli. Pengine katika ndege nyingine wote wako sawa, pengine nimekutana na ile siku ya ajabu tena. Sijui. Nimerudia kichwani mpaka kichwa kinauma. Lakini hoteli ikikosea Jumatatu, inapika tena Jumanne. Tulikosea mchuzi, tukakosea chapati, tukakosea hata mtaro, na asubuhi tukawasha moto tukaanza upya. Hivyo ndivyo hesabu zako zinavyofanya kazi, zinahitaji siku nyingi za kukosea. Mimi sina wasichana wengi wa kutuma ili nijue wangapi hurudi. Nina wewe.

Niliporudi nilitaka kukuambia usiku huo huo. Nilikukuta unapiga pasi ile blauzi mpya, umefurahi, na kabla sijaweka mfuko chini ukaniambia, "Mum, ata usianze. Nikibaki, nitakula vyumba?" Sikuweza kukujibu kwa sababu ni mimi niliyevijenga. Nilikaa kimya siku hizi zote kama mtu aliyekamatwa na mkono kwenye mfuko wa mwenzake. Ndiyo maana umeona nakugombeza juu ya viatu na sabuni, kwa kuwa hilo lingine lilikuwa halitoki.

Jibu langu ni hili, na ni dogo. Ukibaki sina cha kukuahidi. Vyumba viwili walimu wamevichukua kwa mwezi, lile wazo lilikuwa lako na limeshika. Vile vinane vingine sijui. Mabasi hayatarudi kwetu, yamepata vituo vyao vikubwa vyenye taa na vyoo vya vigae. Pengine ukae hapa mwaka mzima ukihesabu sahani, na mwisho wa mwaka hesabu ikuambie tufunge. Nikikuambia mambo yatakuwa mazuri nitakuwa kama ajenti, tofauti ikiwa tu kwamba sina suti.

Nimekaa na pasipoti yako usiku huu. Uliiacha juu ya begi. Kulikuwa na makaa bado yana moto jikoni, nikaenda nikasimama nayo hapo, nikaona jinsi ingekuwa rahisi. Nikairudisha. Nilishauza shamba lako bila kukuuliza, siwezi kukuchagulia na hili pia. Lakini ujue nilisimama pale. Nataka ujue mama yako alifika mpaka hapo.

Ukienda, nakuomba kitu kimoja. Usinilinde. Mambo yakiwa mabaya, usiniambie uko sawa ili nisiaibike kanisani. Piga simu ulie. Nami nitasimama mbele ya watu wote, ajenti akiwa kiti chake cha mbele, niseme mtoto wangu analia, na wataongea mpaka wachoke. Ile aibu ya wale akina mama wawili ndiyo inayomlisha yule mtu. Akiwahi kunihesabu mimi kati ya walionyamaza, nitakuwa nimekuuza mara ya pili.

Ajenti amesema gari lake litakuja kabla ya jua kuchomoza. Barua hii naiweka chini ya kile kiatu chako cha kushoto, kwa sababu hicho ndicho huwa unaanza kuvaa. Mimi nitaingia chumbani kwangu nikae kitandani na mlango wazi. Ukiamua kwenda, niite. Nitakubebea begi mpaka barabarani, na sitalia mbele ya dereva. Ukiamua kubaki, usije kunieleza, wala usiombe msamaha, wala usiniambie nilikuwa sahihi, kwa maana sijui kama niko sahihi. Nenda tu jikoni ubandike maji ya chai. Nitasikia sufuria.

Mama yako